Kufunga supachaja kwenye Mustang ya mwaka 1966 nikiwa Arusha: nianze na kipi?

MkaziWaNjiro

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo nimelipigia hesabu kwa muda mrefu bila kumpata mtu wa karibu wa kunithibitishia kama ninafikiri sawasawa. Ninalo gari aina ya Ford Mustang la mwaka 1966, lenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, ambayo kwa hesabu zetu ni takriban lita 4.7. Kabureta ni ile ya midomo miwili iliyotoka nayo kiwandani, gia boksi ni otomatiki ya gia tatu, na usukani bado uko kushoto. Gari lililetwa nchini na mgeni aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini, na mkataba wake ulipokwisha akaniuzia, kwa kuwa gharama ya kulirudisha kwao ilimshinda.

Injini haili oili, haitoi moshi, na asubuhi inawaka bila kusumbua. Tatizo langu ni nguvu. Kitabu kinasema nguvu farasi 200, lakini nikipandisha barabara ya Namanga kuelekea Ngaramtoni nikiwa na familia ndani, Noah iliyojaza abiria hadi mlangoni inanipita kama vile nimeegesha. Wapo wanaonishauri niing'oe injini niweke ya Kijapani, jambo ambalo sitalifanya, kwani gari hili bila V8 yake litabaki bodi tu.

Ndipo nikafikiria supachaja, yaani mashine inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Si kitu kigeni kwa magari haya, maana Ford wenyewe waliuza Thunderbird yenye supachaja mwaka 1957, na mwaka huohuo wa gari langu, 1966, mteja wa Shelby GT350 aliweza kuagiza gari lake likiwa na supachaja ya Paxton. Ninachotaka kujua ni aina ipi inayofaa kwa mazingira yetu, kama petroli ya hapa itaihimili, na namna ya kuagiza vifaa kutoka Marekani bila kujikuta nimelipa bei ya gari jingine. Kazi yenyewe ningependa ifanyike hapa Arusha au Moshi.

Fundi_Kiboriloni

Mkuu, nianze na mlima, kwa sababu ndio unaokuibia nguvu kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye usawa wa bahari hewa inaingia kwenye injini ikiwa na msukumo wa psi 14.7 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), lakini Arusha, ambako ni kama mita 1,400 juu ya bahari, msukumo huo hushuka hadi psi 12.4 hivi. Maana yake ni kwamba kila silinda yako inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15, na nguvu inapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Juu ya hapo, zile farasi 200 zilipimwa kwa mtindo wa Wamarekani wa wakati ule, ambao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliipima injini ikiwa peke yake kwenye mashine ya kupimia, bila mizigo mingi ambayo injini huibeba ikishafungwa kwenye gari. Kwa hiyo usishangae Noah ikikupita.

Kwa sababu hiyo wazo lako si la anasa kama baadhi ya watu watakavyokuambia. Supachaja ndogo inayosukuma psi 5 hapa Arusha itakurudishia kile ambacho mwinuko umekichukua na kuongeza kidogo juu yake, na hapo ndipo ningekuomba uishie. Pistoni za kiwandani za injini hiyo ni za kumimina, si za kufua, na mgandamizo wake ni 9.3 kwa 1. Kwa injini ya namna hiyo, psi 5 au 6 ni mzigo unaobebeka iwapo petroli na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) viko sawa. Psi 10 ni kutafuta pistoni iliyotoboka.

Kuhusu aina, achana na ile inayokaa juu ya injini katikati ya V, yenye rota mbili zinazozunguka pamoja, maarufu kwa jina la Roots. Inapendeza kwenye picha, na inatoa nguvu tangu mzunguko wa chini, lakini kwenye Mustang utalazimika kukata boneti, utabadilisha manifoldi, na joto lote litakaa juu ya injini ambayo tayari ina tabia ya kuchemsha kwenye foleni. Ile ya sentrifugo, ambayo ndiyo familia ya Paxton, inafungwa pembeni mbele kwa braketi na kuzungushwa kwa mkanda kutoka kwenye puli ya kranki. Ukichoka nayo, unaifungua jioni moja na gari linarudi lilivyokuwa. Nguvu yake inakuja kadiri mzunguko unavyopanda, jambo ambalo kwa kranki na pistoni za zamani ni heri. Angalizo moja: ukikuta mtu anakuuzia Paxton ya zamani kwa bei ya kuvutia, fahamu kwamba zile za awali zilikuwa zinaendeshwa kwa gololi ndani, na gololi hizo zikichoka hakuna fundi wa kuchonga hapa Kaskazini atakayekusaidia. Nunua mpya yenye gia.

Sasa kabla hujatuma hata senti moja Marekani, fanya vipimo viwili. Kwanza pima mgandamizo wa silinda zote nane, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na vipepeo vya kabureta vimefunguliwa kabisa. Usilinganishe namba utakazopata na zile za kitabu, kwa maana geji itasoma chini kutokana na mwinuko wetu, na wapo watu waliofungua injini nzima bila sababu kwa kutolijua hilo. Linganisha silinda kwa silinda: ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu kabisa, na kwa kazi unayoitaka mimi ningependa zikaribiane zaidi ya hapo.

Cha pili kinasahaulika na karibu kila mtu. Mbele ya kranki kuna puli nzito ya kupunguza mtetemo, ambayo ni ringi ya chuma iliyoshikiliwa na raba kwenye kitovu chake, na alama za taimingi zimechorwa kwenye ile ringi ya nje. Raba ya miaka 60 hukauka na kupasuka, ringi ikateleza taratibu, na kuanzia siku hiyo alama za taimingi zinasema uongo. Ukimulika kwa taa ya taimingi utaona nyuzi 10 kumbe injini iko kwenye 16. Injini isiyo na supachaja itavumilia kwa kulalamika kidogo. Yenye supachaja itagonga, yaani petroli italipuka ovyo ndani ya silinda, hadi ivunje ringi za pistoni. Toa plagi ya silinda namba moja, weka kizuizi cha pistoni, zungusha kranki kwa mkono hadi iguse upande huu, weka alama, kisha izungushe upande wa pili hadi iguse tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Kama sifuri ya puli haikubaliani na hapo, agiza puli mpya kwenye mzigo huohuo.

BintiPasua

Kaka, fundi ameeleza vizuri upande wa hewa, naomba niongezee upande wa petroli, kwa sababu ndiko injini nyingi za kabureta zinakoharibikia zikifungwa supachaja ya pembeni. Katika mpangilio huo hewa inasukumwa ndani ya kabureta kutoka juu kupitia kofia maalumu, na kitendo hicho kinabadilisha mambo ambayo kwa kawaida hatuyafikirii.

Pampu ya petroli ya injini yako, ile inayopigwa na kemu, inatoa presha ya psi 5 au 6. Injini ikivuta yenyewe hiyo inatosha. Lakini supachaja ikishaanza kusukuma psi 5 juu ya bakuli la kabureta, petroli inayotaka kuingia mle inakutana na msukumo wa psi 5 unaoizuia, hivyo kinachobaki ni psi 1 au pungufu, na hilo linatokea wakati uleule ambapo injini inahitaji petroli nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Bakuli linakauka, mchanganyiko unakuwa mwembamba, joto la silinda linapanda, na kilichobaki mnakijua. Dawa yake ni pampu ya umeme yenye uwezo wa kutosha, pamoja na regileta iliyounganishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye kofia ya kabureta, ili kila psi 1 ya supachaja iongeze psi 1 ya petroli, na paipu ya kurudisha ziada kwenye tenki. Mustang ya 1966 haikuja na paipu hiyo, kwa hiyo itengewe nafasi kwenye bajeti. Pampu ifungiwe swichi inayoikata oili ikikosa presha, maana pampu ya umeme inayoendelea kumwaga petroli baada ya ajali si mchezo.

Boya la ndani ya kabureta nalo litazamwe. La shaba ambalo ndani ni tupu linaweza kubonyea likisukumwa, kwa hiyo kabureta iliyotengenezwa kwa kazi hii huwa na boya lisilo na uwazi ndani na ekseli za vipepeo zilizozibwa zisivujishe. Binafsi ningeagiza kabureta ya namna hiyo tangu mwanzo, na ile ya midomo miwili ningeifunga vizuri kwenye boksi na kuihifadhi kwa ajili ya thamani ya gari.

Kuhusu petroli yenyewe, usichanganywe na namba za Wamarekani za oktani, yaani uwezo wa petroli kuhimili kugonga. Wao kwenye pampu zao huandika wastani wa vipimo viwili, sisi hutumia kimoja tu, kiitwacho RON, kwa hiyo kitabu cha kifaa kikikuambia utumie 91 ya Marekani, kinazungumzia kitu kilicho karibu na 95 ya huku. Oktani ya kwenye karatasi haikutishi. Kinachotisha ni petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo hushusha oktani bila wewe kuambiwa, na ambayo injini ya kawaida huimeza bila kelele kubwa. Jaza kwenye kituo kimoja chenye mauzo makubwa, na pale utakapolazimika kujaza porini, usikanyage mafuta hadi mwisho mpaka tenki hilo liishe.

Taimingi irudishwe nyuma kama nyuzi 1 kwa kila psi 1 ya supachaja. Kipo kisanduku cha umeme cha kampuni ya MSD kinachofanya hivyo chenyewe kwa kusoma presha, ili gari lisiwe zito ukiwa unaendesha polepole mjini. Plagi ziwe za baridi (zinazopoteza joto haraka) kwa ngazi moja, na nafasi yake ipunguzwe hadi inchi 0.030 hivi. Kisha, tafadhali, funga kipimo cha kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye eksozi, usitegemee rangi ya plagi. Supachaja ikisukuma, sehemu 12 za hewa kwa 1 ya petroli au chini kidogo ya hapo ndiyo salama.

Na vumbi! Chujio likae kabla ya supachaja, lisikae chini nyuma ya bampa linakoweza kunywa maji ya madimbwi ya masika. Pangaboi ya supachaja ya aina hii inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, na vumbi letu litaila kama msasa.

Mzee_wa_Sakina

Kijana wangu, nimesoma yote na sijaona mtu aliyeuliza habari za breki. Mustang nyingi za 1966 zilitoka na breki za ngoma magurudumu yote manne, na masta silinda ya chumba kimoja. Chumba cha pili kilikuja mwaka 1967. Maana yake paipu moja ikipasuka, miguu yote minne haina breki. Unataka kuliongezea mbio gari ambalo linasimama kwa sala, kisha ulishushe nalo kutoka Ngaramtoni.

Ushauri wangu ni kwamba nusu ya fedha hizo iende kwenye diski za mbele na masta silinda ya vyumba viwili, kisha umwite fundi aangalie jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli. Kama gari lililetwa likiwa na jeti za nchi ya usawa wa bahari, basi huku juu linakunywa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, na ukishusha jeti hizo kwa namba mbili tatu na kusogeza taimingi mbele kidogo huenda ukaridhika bila supachaja yoyote. Jeti hazifiki hata bei ya chakula cha mchana cha wageni wako.

MkaziWaNjiro

Shikamoo mzee. Breki nimezikubali, na zitatangulia. Jeti pia nitaziangalia wiki hii, ingawa nakiri kwamba supachaja bado naitaka.

Dada wa Pasua na fundi, nashukuru sana. Yamebaki maswali mawili. Mzigo niuletaje, kwa ndege hadi KIA au kwa meli hadi Dar? Na la pili, kila Desemba tunashuka Tanga kwa mama mkwe: gari lililotuniwa Arusha litakuwaje likifika baharini?

Wakala_wa_Forodha

Ndugu, nijibu la kwanza. Ushuru haukokotolewi kwenye bei ya duka peke yake, bali, kwa mzigo wa meli, kwenye thamani ya CIF, yaani bei ya kifaa pamoja na bima na nauli ya kukifikisha, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo ikiwa imeshaongezwa ushuru. Nauli ya ndege nayo huwa kubwa kwa mzigo mzito, kwa hiyo iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Supachaja yenyewe na kisanduku cha umeme vinaweza kuja kwa ndege bila kukuumiza sana, lakini diski za breki, puli ya kranki na kila kilicho cha chuma kizito kiunganishwe kwenye kontena la pamoja hadi Dar, hata kama kitachukua wiki kadhaa.

Usimwombe muuzaji apunguze bei kwenye ankara. Afisa anayo haki ya kutoikubali thamani uliyoileta na kuweka yake, na bidhaa hizi bei zake ziko wazi mtandaoni, hivyo utajiletea mjadala ambao mzigo utaungojea ghalani huku gharama za kuhifadhi zikipanda. Ankara iandike kila kifaa kwa jina lake na kazi yake. Neno kama "vifaa vya gari" peke yake ni mwaliko wa kufunguliwa boksi zote.

Jambo ambalo naliona kila mara kwa wanaoagiza vifaa vya magari ya Kimarekani ni kusahau vitu vidogo. Mtu analeta mzigo wa mamilioni, kisha gari linakaa juu ya mawe kwa sababu ya gasketi moja au mkanda. Mikanda agiza miwili au mitatu. Bolti za injini hiyo ni za inchi, za nyuzi ambazo dukani Arusha hazipatikani kwa urahisi, kwa hiyo leta pakiti nzima pamoja na seti ya spana za inchi, la sivyo kijana atakuja na spana ya milimita 13 kwenye kichwa cha nusu inchi, na kichwa kitageuka mviringo. Wanaokuja likizo kutoka Marekani wanaweza kukubebea jeti na plagi, mradi wazitaje forodhani.

Fundi_Kiboriloni

Nalijibu la Tanga, kwa sababu ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Supachaja haiongezi psi za kudumu, bali inazidisha hewa inayoikuta. Puli inayozidisha mara 1.4 itachukua psi 12.4 za Arusha na kukupa 17.4, yaani geji itasoma 5. Ukiwa Tanga puli hiyohiyo itachukua 14.7 na kukupa 20.6, na geji itasoma karibu 6. Kwenye geji ni psi 1 tu, lakini ndani ya silinda ni hewa zaidi kwa asilimia 18, katika joto la pwani, na kabureta uliyoibana jeti kwa ajili ya Arusha. Hapo ndipo injini huanza kugonga.

Kwa hiyo gari lituniwe kwa ajili ya Tanga, si kwa ajili ya Njiro. Jeti na taimingi zipangwe kwa psi 6 za baharini, na ukirudi huku juu litakuwa linakunywa petroli zaidi kidogo kuliko linavyostahili, ambalo ni kosa la upande salama. Ukitaka yote mawili, nunua puli ya pili ya supachaja yenye kipenyo kikubwa kidogo, ubadilishe kabla ya kuondoka, ila ukumbuke kwamba urefu wa mkanda unaweza kubadilika nayo, kwa hiyo ipate mkanda wake. Mbuga ile ya kuanzia Same hadi Korogwe mchana wa Desemba itapima rejeta yako kuliko mlima wowote. Rejeta iwe ya safu tatu na feni iwe na kava yake kabla ya safari.

Kabla ya kulipia braketi, hakikisha ni za injini iliyo mbele yako na si za mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Puli ya kranki ya injini hizi ilikuwa ya bolti tatu hadi 1969, kisha ikawa ya nne, na pampu za maji za familia hii hazifanani zote, ilhali gari lililopita mikononi mwa watu wengi huwa limeazimwa vitu huku na huku. Ukishapima mgandamizo, weka hapa namba za silinda zote nane, pamoja na picha ya mbele ya injini feni ikiwa imetolewa, upande wa pampu ya maji uonekane vizuri.